Asali Haifiki Moyoni

Mtoto wa Ng'ambo, Tabora, aliumwa koo. Bibi yake akamfanyia alichofanyiwa mwenyewe zamani: asali ya miombo, ndimu, maji ya moto. Siku ya nne mtoto yuko uwanjani anacheza. Asali ya Tabora nitaisifu popote, na koo kweli hulainika, ila bakteria wa streptokoka haiwaui. Wiki tatu baadaye goti likavimba, likapoa, uvimbe ukahamia kifundo cha mguu. "Anakua huyo," wakasema.

Kumbe kinga ya mwili, katika kuwasaka bakteria, ilikuwa imevamia viungo na moyo pia. Viungo hupona. Vali za moyo hubaki na makovu, nayo huchukua miaka kukaza. Binti akasoma, akaolewa Isevya. (Nimemtunga, msimtafute.)

Vali ya mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, kwa mtu mzima mwenye afya hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6. Ikishuka hadi 1.5, damu hurundikana nyuma yake kama msafara wa wapagazi uliofika mtoni ukakuta mtumbwi mmoja. Chumba cha juu hutanuka, mfumo wake wa umeme huvurugika, kikawa hakidundi tena bali kinatetemeka. Mapigo huenda ovyo.

Mimba ya pili ndiyo iliyomfichua. Damu ya mjamzito huongezeka karibu nusu, na mlango ulikuwa uleule mwembamba. Akawa halali ila kwa kuegemea mito.

"Mama, moyo wangu unaruka."

"Mimba hiyo, mwanangu," akajibu mama mkwe. "Mimi nilibeba sita."

Akajifungua salama, kuhema kukapungua, na nafuu ile ikawadanganya wote. Hakuna aliyemshika mkono kuhesabu mapigo, jambo la dakika moja.

Asubuhi moja sokoni fungu la nyanya likamponyoka, mdomo ukapinda. Majirani wakataja jini. Damu inayotuama katika chumba kinachotetemeka huganda, na bonge lilikuwa limechomoka likaziba mshipa wa ubongo: kiharusi, kwa mwanamke asiyefika miaka 30, asiye na presha wala kisukari.

Sasa anameza warfarini, ya kuzuia damu isigande. Ni dawa kuukuu, lakini utafiti wa INVICTUS uliotolewa mwaka 2022, uliohusisha pia wagonjwa wa Afrika, uliikuta ikiwalinda watu wa namna yake kuliko rivaroxabani, dawa mpya. Anachomwa penisilini kila wiki nne ili koo lisimrudishe alikotoka. Anasubiri rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, vali itengenezwe. Mimba nyingine asishike kabla ya kuzungumza na daktari, maana warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kinachomsumbua zaidi ni mboga. Majani hupunguza nguvu ya warfarini: kisamvu kingi leo, kesho hakuna, na kipimo cha damu kinayumba. Mama mkwe ndiye anayempimia bakuli, lilelile kila siku.