HOTUBA YA IJUMAA: MGENI ALIYEFUKUZWA NA MOTO



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu. Leo tukumbushane juu ya moto wa mlima Nyiragongo, na juu ya watu waliofukuzwa na moto ule wakaja kubisha hodi kwetu.

Mnakumbuka Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002. Mlima ulipasuka, lava ikapita katikati ya mji wa Goma, ikakata njia ya ndege, ikaingia ziwani. Watu zaidi ya 300,000 walikimbia, wengi wakavuka kwenda Gisenyi, na wapatao 120,000 walibaki bila nyumba. Tena Jumamosi usiku, tarehe 22 Mei 2021, lava ikashuka mpaka Buhene, karibu na uwanja wa ndege, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ardhi ikaendelea kutetemeka siku nyingi. Alfajiri ya tarehe 27 Mei serikali ikaamuru kartiye 10 kati ya 18 za mji zihame. Watu wapatao 400,000 wakashika njia: wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine Rwanda, wengine boti za kuja kwetu Bukavu.

Ndugu yangu unayesoma, siku kama ile ina wajibu tatu.

Wajibu wa kwanza: kuondoka unapoambiwa uondoke. Kuna wanaosema, “Mimi namtegemea Mungu, siondoki.” Khalifa Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham, akasikia kuna tauni kule, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamwuliza, je, anakimbia kadari ya Mungu? Umar akamjibu kwamba anaiacha kadari moja ya Mungu na kuiendea nyingine ya Mungu huyo huyo. Basi kuondoka si upungufu wa imani. Na usiwahi kurudi kabla ya idhini. Mwaka 2002 watu walirudi lava ikiwa bado moto, na makumi wakafa pale kituo cha mafuta kilipolipuka wakiwa wanachota mafuta. Mwaka 2021 wengine walikufa kwa moshi na gesi wakivuka lava iliyokuwa inapoa. Na wazee wa Goma wanaijua mazuku, ile hewa nzito inayotua mabondeni, isiyoonekana. Hiyo humuua mbuzi na mtoto kwanza kwa sababu wao wako karibu na ardhi. Wasikilize wataalamu wa mlima. Elimu yao nayo ni neema ya Mungu.

Tena usiseme, “Wale wa Goma wameadhibiwa kwa dhambi zao.” Mtume wetu (s.a.w.) alimhesabu aliyekufa kwa kuungua miongoni mwa mashahidi. Mtu ambaye Mtume amempa daraja hiyo, wewe ni nani hata umwite mwenye dhambi?

Wajibu wa pili: kupokea. Watu wa Makka walipohamia Madina hawana kitu, Mtume (s.a.w.) aliwafungamanisha na wenyeji, mtu na ndugu yake. Saad bin Rabii (r.a.) akataka kumgawia Abdurrahman bin Auf (r.a.) nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akamwomba amwonyeshe soko lilipo. Angalia adabu ya pande mbili. Mwenyeji alifungua mlango kabla ya kuulizwa, na mgeni alitaka kazi, hakutaka kukaa mkono wazi. Kwa hiyo unapompokea mtu, mpe mkeka na ugali, lakini pia mwonyeshe soko, mdhamini, mpe kibarua. Usimfanye ombaomba mtu ambaye juzi alikuwa fundi au mwalimu.

Hapa niseme la kwetu, maana hotuba inayowasema wengine tu haina faida. Ijumaa ya tarehe 28 Mei 2021, baada ya swala, alikuja uani kwetu baba mmoja kutoka Goma na mama yake mzee, watoto watatu na godoro moja. Tulimsalimia vizuri sana. Tulimwambia asubiri kamati ikae. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia hivyo. Kamati ilikuwa ikae Jumapili! Tulipotoka swala ya Alasiri hawakuwapo. Mama mmoja muuza sambaza, jirani yetu asiye wa dini yetu, alikuwa amebeba lile godoro kichwani na kuwapeleka kwake, kwenye chumba kimoja anacholala na wanawe. Wallahi niliona haya. Suratul-Hashri inawasifu wale waliowatanguliza wageni na hali wao wenyewe ni wahitaji. Sifa ile siku ile aliichukua nani katika mtaa wetu?

Wajibu wa tatu: kulinda amana. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka, Sayyidna Ali (r.a.) alibaki nyuma ili awarudishie watu amana zao, hata wale waliokuwa maadui. Mji ukihama, kila mlango uliofungwa ni amana ya aliyebaki. Anayeingia parseli ya jirani na kutoa bati au kitanda anaiba mara mbili, mali na imani. Mwenye boti, motari, mwenye chumba cha kupangisha, asipandishe bei kwa sababu mtu analia. Na amana kubwa kuliko zote ni mtoto. Mwaka 2021 mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao njiani. Ukimkuta mtoto peke yake, usimpeleke mbali. Mwulize jina lake na la kartiye yake, mjulishe kiongozi wa mtaa na Msalaba Mwekundu, umtunze mpaka wazazi wapatikane. Na usisahau maji: lava iliharibu tangi na mabomba ya Goma, watu wengi wakakosa maji safi, na hofu ya kipindupindu ikawafuata mpaka walikokimbilia. Bidoni moja ya maji yaliyochemshwa ni sadaka.

Ndugu zangu, dunia inageuka. Mwaka 2025 vita vilipofika Goma na Bukavu, wengi waliokuwa wenyeji wakawa wakimbizi, na waliowahi kupokelewa wakawa wa kupokea. Mlima bado uko pale, nasi hatujui zamu ijayo ni ya nani. Kwa hiyo tusingoje kamati. Leo, kabla hujalala, kaa na mkeo, au na mumeo, mkubaliane: ikibisha hodi familia moja, italala wapi? Mkeka upi, sufuria ipi? Mambo hayo yakipangwa mapema, siku ikifika mlango utafunguka haraka.

Ewe Mola, warehemu waliokufa motoni na njiani. Wakutanishe waliopotezana. Utusamehe kwa milango tuliyoichelewesha, na utupe nyoyo pana kuliko nyumba zetu. Amin.

Wassalamu alaykum.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe ovyo. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.)