KUTAFUTA MTOTO: SUBIRA NI YA NANI?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Mama mmoja wa mji wetu huu wa Kisangani alinijia baada ya Alasiri. Ana miaka sita ya ndoa, hana mtoto. Hedhi yake hukaa miezi mitatu bila kuonekana, na wakwe wameanza kumtafutia mumewe mke mwingine. Nikamwambia: "Mwanangu, fanya subira." Akanijibu: "Mwalimu, subira ninayo. Nimekuja kuuliza kama ni dhambi kwenda kwa daktari." Nikaona haya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kutafuta tiba si kupungukiwa na imani. Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, aliwaambia wajitibu. Basi akaenda, akapimwa damu na ekografi. Akaambiwa ana ugonjwa wa vifuko vingi kwenye ovari, ambao madaktari Stein na Leventhal wa Chicago waliueleza mwaka 1935. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata wanawake 6 hadi 13 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa, na wengi hawajui kama wanao. Homoni huvurugika, yai halipevuki kila mwezi, hedhi hupotea. Wengine huota nywele kidevuni. Si laana, wala si adhabu ya dhambi za ujana. Wala si utasa: wengi huzaa, baadhi wakipunguza uzito, baadhi kwa vidonge vya kupevusha yai, kama letrozoli, anavyoviandika daktari. Na hata asiyetafuta mtoto asipuuze hedhi iliyopotea miezi mingi, maana ugonjwa huu huweza kufuatana na kisukari.

Lakini daktari aliomba mume naye apimwe. Mume akakataa: "Mwanaume hapimwi."

Ndugu zangu, hapa ndipo penye swali. Upande wetu huu tunayo ibra. Wakati wa Wabelgiji, uchunguzi wa hesabu ya watu wa 1955–1957 ulionyesha kwamba huko Uele na Tshuapa wanawake wengi walizeeka bila kuzaa hata mara moja. Sababu kubwa iliyotajwa ni magonjwa ya zinaa, kama kisonono, ambayo mume huyaingiza nyumbani sawa na mke. Ni wangapi kati yao walirudishwa kwao kwa aibu isiyokuwa yao?

Someni sura Ash-Shura, aya 49 na 50. Allah humpa amtakaye wana wa kike, amtakaye wana wa kiume, na humwacha amtakaye bila mtoto. Hakusema mwanamke peke yake. Someni na dua ya Nabii Zakariya (a.s.), sura Maryam, aya 4 na 5. Alitaja kwanza mifupa yake iliyodhoofika na mvi zake, ndipo akataja utasa wa mkewe. Nabii alianza na upungufu wake mwenyewe; sisi tunaanza na wa mke, na hapo tunakomea.

Na mama yetu Aisha (r.a.) hakuzaa. Mtume (s.a.w.) hakumdharau. Alimpa jina la Ummu Abdillah, kwa Abdallah, mtoto wa dada yake.

Basi enyi waume, pimweni. Sheria imeruhusu mke wa pili kwa uadilifu. Haikuruhusu kumfanya fimbo ya kumchapia wa kwanza. Enyi wakwe, fungeni midomo. Na sisi maimamu tusimwagize subira mwenye kuumia kabla ya kuwaagiza wanaomuumiza.

Yule mume mwishowe alikwenda kupimwa. Mtoto bado. Lakini sasa wanangoja wawili.

Ewe Mola, wape wanaokuomba kizazi chema, na uwape utulivu uliowachelewesha. Amin.

Wabillahi tawfiq.