Nyota, Bibo na Mkono wa Mkubwa

Mkaazi wa Unguja anapolisikia neno piza, mawazo humpeleka Forodhani wakati wa jioni, penye tava linalofuka moshi na kijana aliyesimama nyuma ya meza akiuvuta unga hadi ukawa mwembamba kama karatasi. Huujaza kima, kitunguu, yai na jibini kidogo, kisha akaukunja pembe nne na kuukaanga. Mtaliano angeuliza: hii ni piza gani isiyo duara wala haikuingia tanuri? Wazee wetu nao wangeuliza: kwani hii si mantabali yetu, iliyobatizwa upya ili imvutie mgeni? Wote wawili wangekuwa na haki ya kuuliza. Chakula kile kimechukua jina la huko kikabaki na umbo la hapa, nami sioni kwamba kuna aliyedhulumiwa.

Lakini kuna swali jingine la umbo ambalo si jepesi kiasi hicho. Tunapowaita watoto waje jikoni, tukawapa madonge ya unga na kuwaambia waumbe chakula cha sikukuu kwa mikono yao, ni nani mwenye haki ya kusema kwamba umbo limekosewa? Na akishasema, ana haki ya kulitengeneza? Swali hili lilinifika mbali na Forodhani, juu ya uwanda wa Makonde, na lilinikuta nikiwa mkosaji.

Nilikuwa mgeni wa mwalimu mstaafu, rafiki yangu wa ujanani, nyumbani kwake Makote, upande wa Newala, katika wiki ya Krismasi. Mimi ni Mwislamu na yeye ni Mkristo, jambo ambalo katika nyumba ile halikuhitaji maelezo. Majirani zake wa mkono wa kulia ni watu wa kuswali, na sahani za pilau huvuka uzio mara kadhaa kwa mwaka: za Idd zikija huku, za Krismasi zikienda kule.

Desemba katika nchi ile ni mwishoni mwa msimu wa korosho. Chini ya mikorosho bado imo harufu ya mabibo yaliyochacha, tamu na kali kwa pamoja. Tangu mwaka 2007 zao hili huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, ukawekwa ghalani, ukanadiwa, naye akarudi nyumbani kusubiri malipo. Viatu vya sikukuu husubiri mnada, na gauni jipya kadhalika. Sidhani kama yupo mtoto wa Newala asiyelielewa neno kusubiri.

Jambo la pili ni maji. Uwanda ule umeinuka, mchanga wake huinywa mvua, na chemchemi ziko chini mabondeni. Ukisimama pale waitapo Shimo la Mungu, nchi ikianguka ghafla mbele yako kuelekea bonde la Ruvuma, ndipo utakapoelewa maana ya kupanda na mtungi kichwani, kazi ambayo wanawake wa uwandani waliifanya kizazi baada ya kizazi. Leo mabomba yapo, lakini desturi ya kupima maji haijatoka mikononi mwa watu. Basi kabla ya unga kuguswa, watoto wote tisa walinawa katika beseni moja, mdogo kwanza, na maji yale yakaenda kumwagiwa mchicha.

Binti wa mwenyeji wangu, ambaye anafanya kazi Dar es Salaam, alikuwa amekuja na rojo la nyanya la kopo na kipande cha jibini kilichosafiri naye ndani ya basi, kimezungushiwa magazeti kama kitoto kichanga. Unga ulikuwa umeumuka tangu asubuhi. Tanuri halikuwepo, ila palikuwa na sufuria kubwa iliyotiwa mchanga, bati la kufunikia, na makaa ya kuweka chini na juu, kama waokavyo keki za harusi. Kila mtoto alikatiwa donge lake.

“Mama mdogo, niumbe nini?” aliuliza mmoja.

“Umba sikukuu,” akajibu binti yule, akaendelea kumenya vitunguu.

Nimelifikiri jibu hilo mara nyingi. Hakusema umba nyota, wala mti, wala kengele, ingawa ndivyo alivyoviona yeye huko mjini kwenye madirisha ya maduka. Aliiacha sikukuu bila umbo, akawaachia watoto walitafute. Zikatokea nyota tatu. Watoto wa jirani wakaumba mwezi mwandamo. Mmoja akaumba lori, lenye magurudumu ya pilipili hoho. (Msomaji mwenye wasiwasi juu ya kuumba sanamu atulie: wanazuoni wengi hutofautisha chenye roho na kisicho na roho, na lori, kwa nijuavyo, halina.)

Palikuwa na mtoto wa kike wa miaka kama saba aliyefanya kazi kimya, ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa midomo. Alichokiumba kilikuwa donge pana juu, jembamba kidogo chini, na huko chini alibandika kijidonge kilichopinda. Mabibo nayajua tangu utoto wangu. Unguja nako yapo. Lakini siku ile macho yangu yalikuwa yakitafuta nyota, na kilichokuwa mbele yangu nilikiona kuwa ni nyota iliyomshinda mtoto. Watoto walipoitwa wakaoge, wageni wakiwa njiani, nilibaki peke yangu na ile sinia. Nikaonea huruma kazi ya yule mdogo. Nikakiondoa kile kijidonge, nikakikandia ndani, nikavuta pembe tano, nikaweka duara la nyanya katikati. Ilikuwa nyota nzuri, nami niliridhika nayo.

Piza zilipotoka motoni na wageni wamekaa, mama mdogo aliinua ile nyota akauliza: “Hii nzuri hivi ni ya nani?” Nikajibu mimi: “Ya huyu bibi mdogo hapa.” Watu wakampigia makofi. Mtoto akaitazama sahani, akaitazama mikono yake, kisha akanitazama mimi.

“Babu, yangu ilikuwa bibo. Imekwenda wapi?”

Nikamwambia kwamba moto huyageuza maumbo.

Bibi yake, aliyekuwa ameketi mkekani karibu yetu, akasema taratibu bila kumwelekea mtu: “Mwaka huu bibo ndilo lililotuvika.” Mtoto hakulia. Alikula pembe moja ya nyota, iliyobaki akampa kaka yake.

Nimejaribu kujitetea mbele ya nafsi yangu, na utetezi wenyewe si mbovu kabisa. Nilimwonea huruma. Sikutaka achekwe. Nilitaka apate makofi, na aliyapata. Hapa ndipo penye kosa lenyewe, kwani makofi yale yalikuwa yangu. Mtoto yule alisimama kati ya watu akisifiwa kwa kazi ya mkono wa mtu mwingine, wakati kazi yake imekandiwa ndani ya sifa hizo hizo. Mwizi wa kawaida hukuachia angalau nafasi ya kulalamika. Mimi nilichukua nikalipa, na aliyelipwa hana pa kushtakia. Kisha, nilipoulizwa, nikausingizia moto.

Na ile hofu ya kwamba angechekwa, ilikuwa ya nani? Watoto wale hawakulicheka hata lori. Aliyeogopa kuona kitu kisichotambulika mbele ya wageni alikuwa mtu mzima mmoja, mgeni kutoka kisiwani, mwenye picha yake kichwani ya jinsi Krismasi ya watu inavyopaswa kuonekana.

Wapenzi wa ushairi watanikumbusha kwamba sisi tumelelewa kwa kurekebishwa. Ni kweli. Nani kati yetu hakupeleka beti zake za kwanza kwa malenga, akarudishiwa zimejaa alama, mizani imepungua hapa, kina kimechechemea pale? Hatukuona kwamba tumedhulumiwa. Tuliona kwamba tumekubaliwa. Lakini malenga alituonyesha. Alisema: mwanangu, hapa pana silabi saba. Tukaenda kuitafuta ya nane sisi wenyewe, usiku kucha pengine. Tungejisikiaje lau angelichukua shairi letu kimyakimya, akaliandika upya, akalipeleka gazetini kwa jina letu, kisha akatupongeza barazani? Wapo waliofanyiwa hivyo, na nimewasikia wakisimulia. Hawasimulii kwa shukrani.

Jean-Jacques Rousseau, katika kitabu chake Émile kilichotoka mwaka 1762, aliwahimiza wazazi wa Ulaya watambue kwamba utoto una njia zake wenyewe za kuona na kufikiri. Jambo zuri. Hata hivyo, mwalimu aliyemwumba katika kitabu hicho ni mtu anayepanga karibu kila kitu nyuma ya pazia, ili mwanafunzi adhani anachagua mwenyewe. Zamani niliusoma mpango huo nikauona ni werevu. Tangu siku ya bibo nauona ni sinia ile ile na mkono ule ule.

Ningekuwa na akili ningejifunza kwa wenyeji wangu kabla ya kukosea. Mchonga vinyago wa Kimakonde hufanya kazi na mpingo, na mpingo hauna subira ya unga: palipokatwa pamekatwa. Mwanafunzi hukaa na kutazama, hupewa kijiti chake, hukosea katika kijiti chake. Husimuliwa juu ya Samaki Likankoa, mchongaji aliyefanya kazi Dar es Salaam katika miaka ya 1950, kwamba kinyago chake kilivunjika mkono, naye badala ya kukitupa akakifuata mahali kilikokuwa kinaelekea. Na mtindo wa mashetani, unaojulikana leo hadi Ulaya na Marekani, huhesabiwa kuanzia kwake. Lau pangekuwa na mtu mwema karibu, wa kukibandika mkono mpya usiku, tungelipata kinyago kimoja zaidi cha mzee na mkongojo.

Isidhaniwe kwamba nasema bibo ni letu na nyota ni ya wageni. Mkorosho wenyewe asili yake ni Brazil, na Wareno ndio walioupitisha baharini hadi pwani hizi. Na Krismasi ya Masasi na Newala ilipitia kisiwani kwetu. Mwaka 1876 Edward Steere, askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu iliyokuwa na makao Unguja, yule yule aliyekusanya hadithi za Kiswahili na kuandika juu ya lugha yetu, aliongoza msafara wa watu waliokombolewa utumwani. Walishuka Lindi, nia ikiwa ni kuwafikisha upande wa ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wengi walipendezwa na nchi, wakaomba wabaki hapo, na wakabaki. Humwazia mtu mmoja katika msafara ule: ameuzwa, amepewa jina na bwana, akapewa jina jingine na mkombozi, kila mkono uliompitia umemvuta pembe. Kisha siku moja anasimama chini ya majabali ya Masasi na kusema, mimi nitakaa hapa. Umbo hilo alilitoa yeye.

Baadaye Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, aliliingiza jando katika kanisa badala ya kulipiga marufuku. Naona aliwazidi busara wengi wa zama zake. Lakini hata kwake nabaki na swali: katika jando lile jipya, nini kiliumbwa na wazee wenyewe, na nini kilivutwa pembe wao wakiwa wameitwa kando? Sina jibu la mkato. Najua tu kwamba swali si kama kitu kilibadilika. Mambo yote hubadilika, na mantabali ya Forodhani ni shahidi. Swali ni kama mwenye donge alikuwepo wakati linabadilishwa.

Siku ya pili, baada ya watu kurudi kanisani, nilimwendea yule mtoto nikamwambia kwamba moto haukufanya kitu; ni mimi niliyelivunja bibo lake. Alifikiri kidogo, akauliza kwa nini. Nikasema nilidhani ni nyota. Akacheka sana, mpaka akaenda kumwita kaka yake aje asikie.

Jibini lilikuwa limekwisha, ila unga ulibaki kidogo. Tukakaa mkekani, mimi na yeye, kila mtu na donge lake. Nikaumba bibo kwa uangalifu wote nilionao, nikabandika korosho chini yake, nikamwonyesha.

“Babu,” akasema, bila kuligusa, “korosho yako imenyooka kama kidole. Ipinde.”