Kusahihisha Kazi si Kumtukana Mtu

Anunuaye simu katika mtaa wa Aggrey, Kariakoo, huuliza bei, huuliza betri, kisha huenda zake. Si wengi wajuao kwamba simu nyingi za pale, zile ziendeshwazo na Android, zina ndani yake kiini kiitwacho Linux. Kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, nacho kimejengwa na maelfu ya watu wa nchi nyingi. Programu ya namna hii huitwa programu huria: maandishi yake yako wazi, na kila mwenye ujuzi aweza kuyasoma na kuleta masahihisho. Wengine hulipwa na kampuni zao. Wengine hujitolea tu, usiku, baada ya kazi za mchana.

Kinacholetwa hakipokelewi hivi hivi. Yuko msimamizi akipimaye, na hapo ndipo lilipo swali letu: je, ni haki yake kumkaripia na kumdhalilisha mbele ya wote yule aliyeleta kazi mbovu?

Wako wanaojibu ndiyo, nao si wapumbavu. Husema kwamba kosa dogo katika kiini kile huingia katika mamilioni ya mashine, na kwamba maneno laini huficha kosa. Kwa miaka mingi Torvalds mwenyewe alikuwa na ukali huo. Mwaka 2015 mtaalamu mmoja, aliyeandika sehemu ya USB 3.0, alieleza hadharani kwamba ameiacha kazi ile kwa sababu ya lugha ya namna hiyo. Septemba 2018 Torvalds aliwaandikia wenzake akakiri kwamba mashambulio yake hayakuwa na sababu, akawaomba radhi aliowaumiza na waliokimbia, akapumzika kwa muda. Mwezi ule ule kanuni mpya za mwenendo zikawekwa. Oktoba alirudi. Kazi mbovu ingali ikikataliwa hata leo, wala Linux haikuanguka.

Twende Feri asubuhi, sokoni kwa samaki. Mnunuzi hufunua matamvua, akiona rangi imefifia husema samaki huyu si wa leo. Hamhurumii samaki, wala haimpasi, maana watu watamla. Lakini akisema kwamba mvuvi ni mjinga asiyestahili chombo, hajaongeza hata chembe ya habari juu ya samaki yule. Kadhalika msimamizi asemaye kwamba mstari wa 40 una kosa amesema neno liwezalo kupimwa. Amwambiaye mwenziwe kuwa hana akili amesema asilolijua, kwani alichokiona ni mistari michache tu. Watu hudhani kwamba ukali huongeza ukweli. Hapa waupunguza.

Tena mvuvi aliyekataliwa huwapelekea wengine, akapata bei yake. Aliyejitolea hana bei ya kupata. Zawadi yake yaweza kurudishwa, na mara nyingi ni lazima irudishwe. Lakini akiaibishwa huondoka kimya, wala hakuna daftari liandikalo waliokwenda. Ndiyo sababu wakali huamini kwamba ukali wao hauna gharama.

Jambo hili latuhusu kwa karibu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi walizunguka katika kata za jiji wakichora mitaro na nyumba, ili sehemu zifurikazo zijulikane. Mtaro uliochorwa pasipo mahali pake ni hatari, hapana budi ufutwe. Lakini fikiria mkazi wa Jangwani, jirani na Kariakoo, aliyekosea kuchora, akajibiwa kwa kejeli, akarudi nyumbani asitokee tena. Mtaro wake waweza kuchorwa upya na yeyote mwenye kompyuta. Mahali maji yalipofika mlangoni pake katika mafuriko ya Desemba 2011, anapajua yeye.