Jibini Isiyosubiri Mtu

Wagiriki wana chakula cha kutangulia kiitwacho saganaki: kipande cha jibini ya kukaanga, kinachofika mezani kikiwa bado kwenye kikaango kidogo cha mishikio miwili. Mapishi ni mafupi, lakini hayasamehe. Jibini ngumu yenye chumvi, kama kefalotyri au graviera, hukatwa unene wa sentimita 1 hivi, huloweshwa maji, huviringishwa kwenye unga wa ngano na kukung'utwa. Mafuta yakiwa vuguvugu, jibini itayeyuka kabla ganda halijashika. Yakipata moto sawasawa, nje hukauka rangi ya dhahabu na ndani hulainika. Hukamuliwa limau, ikaliwa na mkate papo hapo, kwa maana ikipoa hukakamaa, na utamu wake wote umekwenda.

Naamini haraka hiyo ndiyo heshima yenyewe kwa mgeni. Pilau inaweza kumngojea aliyechelewa. Jibini hii haiwezi. Inamlazimu mpishi asiwashe jiko mpaka watu wameketi, na walioketi waache simu na wale pamoja. Halafu ni kidogo: matonge mawili matatu kwa kila mtu, kwa hiyo anayemega lazima amfikirie jirani yake. Atakayesema ni mafuta na chumvi tupu amesema kweli, na ndiyo sababu haifai kufanywa mlo wa mtu mmoja.

Huko Chicago mgahawa wa The Parthenon unatajwa kuwa ulianza mwaka 1968 kuimwagia brandi na kuiwasha moto mbele ya wateja, kwa kelele ya “Opa!” Siwalaumu wenye mgahawa, wahamiaji wa Kigiriki waliohitaji kuvuta wateja. Ila moto huo huwageuza wanaokula kuwa watazamaji, na Ugiriki kwenyewe kwa kawaida haiwashwi. Asiyetumia pombe hapungukiwi kitu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwenyeji mwema hupika mapema ili akae na wageni wake, si kuwakimbia kwenda jikoni. Nakubali, na kwa vyakula vingine vyote ndivyo inavyopasa. Mchuzi uive mapema, saladi ikatwe, limau na unga viwe tayari. Hiki kimoja tu kibaki cha mwisho, kwa dakika chache za jikoni, na mpishi akija nacho aketi, amege kama wenzake, asiachiwe kilichopoa.