Mchezo wa Ng'ombe

Wapemba wamekaa katika pwani yetu miaka mingi wakivua na kufanya biashara, ingawa Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi kuwa miongoni mwa makabila ya nchi hii mwaka 2023 tu. Mmoja wao, mzee mvuvi, ni jirani yangu huku Likoni. Jioni moja alituhadithia barazani habari za mchezo wa ng'ombe wa kwao Pemba, na hadithi yake ilizua ubishi ambao haujaniisha moyoni hata leo.

Kwa msomaji asiyeujua, mchezo wenyewe ni huu. Katika majira ya joto ya kaskazi, kabla ya mvua za masika, watu wa vijiji kama Kengeja na Wingwi hukusanyika uwanjani. Zumari hulia, ngoma hupigwa, wanawake huimba. Fahali aliyefungwa kamba ndefu huletwa, akachokozwa kwa fimbo na makelele mpaka apandwe na hasira. Kisha kijana hujitokeza na kitambaa mkononi, akamkabili na kumkwepa. Husemwa kwamba asili ya mchezo huu ni Wareno, waliotamba katika pwani hii tangu karne ya 16 mpaka Ngome ya Mombasa ilipowatoka mikononi mwaka 1698. Lakini ng'ombe wa Pemba hauawi kama wa Hispania. Mchezo ukiisha hurudishwa malishoni.

Nilimwambia mzee kwamba, kwa maoni yangu, huo ulikuwa ukatili. Hakukasirika. "Mwanangu," akasema, "ng'ombe wetu hulala zizini usiku ule ule. Anayevunjika mbavu ni mtu. Na wewe jana ulikula nini?"

Nilitahayari, kwa maana jana yake nilikula nyama. Upande wa Changamwe, pale Kibarani, kilijengwa kiwanda cha Tume ya Nyama ya Kenya, na ng'ombe wengi wa bara wamemalizia safari yao hapo. Walisafirishwa wamesongamana garini, wakaona jua la pwani siku moja au mbili, wakafa. Hapana aliyewapigia zumari. Ni mtu gani basi, mwenye mchuzi wa nyama sahanini mwake, atakayethubutu kumwita Mpemba mkatili?

Swali hilo lilinisumbua siku nyingi, na wala sidai kwamba nimelimaliza. Lakini nilipata mwanga kidogo kwa kumwangalia mchinjaji. Mchinjaji aliyefunzwa dini huambiwa anoe kisu chake vyema, tena asikinoe mbele ya mnyama. Kwa nini? Kwa sababu hofu ya mnyama si sehemu ya kazi yake. Ni uchafu ulioingia katika kazi, na kadiri anavyoupunguza ndivyo kazi inavyokuwa njema zaidi. Ikiwa ng'ombe atakufa pasipo kujua lolote, mlaji hakupunguziwa kitu. Uwanjani mambo ni kinyume. Fahali mtulivu, atazamaye watu huku akicheua, hafai. Watu watamzomea na mwenyewe atafedheheka. Hofu yake na ghadhabu yake ndiyo bidhaa iliyowaleta watu. Mnyama asipofadhaika, hapana mchezo.

Nasema haya si kwa sababu mimi ni mwema. Nilipokuwa mtoto huko Kisauni tulikuwa tukipiganisha majogoo nyuma ya nyumba, mahali ambapo wazee hawakutuona. Nilikuwa na jogoo wangu mwekundu, niliyemlea tangu kifaranga, na siku moja nilimtia vitani na jogoo mkubwa kuliko yeye. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka. Alipotolewa jicho moja nilikuwa ningali nikicheka, maana wenzangu walikuwa wakicheka. Kesho yake nilimwona akitafuta punje za mahindi, akigeuza kichwa kila mara ili jicho lililobaki lione upande wa pili. Aliishi miaka minne hivi. Kila asubuhi nilipomtupia chakula alikuja kwangu mbio, bila ya kinyongo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Wako watakaosema kwamba mnyama wa mchezo hupata malezi mema kuliko mnyama wa nyama. Ni kweli. Huko Kakamega, kwa Waisukha na Waidakho, fahali hupiganishwa na fahali mwenziwe, na yule anayegeuka na kukimbia ndiye aliyeshindwa. Fahali wa namna hiyo hupewa jina, hulishwa kwa uangalifu, na sifa zake huwa sifa za mwenyewe na ukoo mzima. Ng'ombe wa Kibarani hakupata hata jina. Lakini malezi mema hayampi mlezi ruhusa ya kila jambo. Baba aliyemlisha mwanawe vizuri hakujipatia kwa chakula kile haki ya kumpiganisha na mtoto wa jirani.

Tena twasikia kwamba hii ni mila, na kwamba wanaotukataza ni wageni. Hoja hii isidharauliwe. Waingereza hawakukataza kwao kuwachokoza fahali kwa mbwa na kupiganisha majogoo mpaka mwaka 1835. Na mabwana waliokuja huku kutufundisha huruma walipiga simba na tembo kwa bunduki ili wapambe kuta zao, wakaitwa mashujaa. Uwindaji huo wa starehe haukupigwa marufuku Kenya mpaka mwaka 1977. Lakini unafiki wa mwenye kukosoa hauondoi kosa la mkosolewa. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama tuliirithi tangu zama za ukoloni, ndiyo. Lakini katika pwani hii habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa kwa njaa ilikuwa ikisimuliwa vyuoni kabla Mwingereza hajatia nanga.

Isidhaniwe kwamba kila mchezo wenye mnyama una dosari hiyo. Lamu hufanywa mashindano ya punda, na mbio, hata bila ya fimbo, hubaki kuwa mbio. Akipigwa, kosa ni la mpigaji. Tena huko huko, tangu ilipofunguliwa mwaka 1987 nyumba ya kuwatunza punda, wenye punda wamepata kushindana pia kwa afya ya wanyama wao: nani ana punda asiye na kidonda mgongoni. Sioni kwa nini sifa ya namna hiyo iwe ndogo kuliko sifa ya pembe. Na isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika urithi wa dunia unaohitaji kulindwa upesi. Iliandikwa kwa ajili ya ngoma yenyewe.

Mambo haya nilimweleza mzee jioni nyingine, nikidhani nimepata jibu. Alisikiliza mpaka mwisho, huku akishona wavu wake.

"Basi nikileta mpiga zumari na waimbaji, utakuja?"

"Nitakuja, mzee."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe mwache alishe."

Alivuta uzi, akafunga fundo, akaukata kwa meno. "Haitakuwa ile," akasema.

Alisema kweli, nami sikumbishia. Haitakuwa ile.