Sanduku la Habari za Damu

Masomo: Mwanzo 4, 8–10, Matendo ya Mitume 19, 18–20, Wakolosai 2, 13–14.



Wako watu ambao kazi yao, ama burudani yao baada ya kazi, ni kukusanya habari za maovu yaliyotendeka kweli. Hadithi za kutungwa hawazitaki. Hutafuta hati za mahakama, magazeti ya zamani, picha, ramani za mahali palipouawa mtu, barua za mashahidi, na vitabu vilivyoandikwa juu ya wauaji na hukumu zao. Mwaka kwa mwaka makaratasi huongezeka, hata kabati hujaa, kisha chumba hujaa. Mwishowe uzee hubisha hodi. Macho hupungua nguvu, watoto hawana haja na makaratasi hayo, na mwenye nyumba hana budi kujiuliza: Vitu hivi nilivyovikusanya maisha yangu yote, nivifanyeje?

Huenda msomaji akasema, Jambo hili lanihusu nini mimi? Lakini tukilitazama kwa makini twaona ya kuwa latuhusu sote, maana ni nani kati yetu asiyeweka sandukuni, au moyoni, habari za makosa ya wengine? Basi na tulifikiri pamoja mbele ya Neno la Mungu.

Mfano wa kwanza twaupata Marekani. Katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, alikuwako wakili, jina lake Albert Borowitz. Yeye na mkewe Helen, aliyekuwa mjuzi wa historia ya sanaa, walikusanya vitabu na hati nyingi za uhalifu wa kweli, hasa wa Marekani, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani, tangu zamani za kale. Mwaka 1989 waliachana na makusanyo hayo, wakaipa maktaba ya Chuo Kikuu cha Kent State, katika jimbo lile lile la Ohio. Hawakungoja mauti yawapokonye. Walitoa wangali hai, kwa mikono yao wenyewe, ili wanafunzi na wataalamu wapate kusoma na kupima.

Tusidhani ni rahisi kutoa hivyo. Mtu aliyekusanya kwa miaka mingi hakumbuki karatasi tu. Hukumbuka na siku aliyoipata, na muuzaji aliyemtolea kutoka rafuni, na usiku aliokesha akiisoma. Akiiacha, yuaacha sehemu ya maisha yake. Kwa hiyo wengine hushindwa, makaratasi yakabaki yakiliwa na mchwa na panya, na baada ya mazishi wanawe huyatupa jalalani bila kujua yamebeba nini.

Hapa pengine mkristo mwenye juhudi atasema: Ayachome moto! Je, waamini wa Efeso hawakufanya hivyo? Naam, twasoma ya kuwa watu wa mji ule waliozoea uganga walileta vitabu vyao wakaviteketeza hadharani, na thamani yake ilipohesabiwa ilifika vipande 50,000 vya fedha. Hawakuviuza wapate faida, wala hawakumpa jirani asiyeamini. Tendo lao lilikuwa jema. Walakini tupambanue. Vitabu vile vilikuwa vyombo vya kutendea dhambi; aliyevishika alijifunza kuloga. Hati za mahakama ni ushahidi juu ya dhambi. Chombo cha uovu yafaa kiangamizwe, lakini ushahidi ukiangamizwa, nani atamtetea asiye na hatia?

Na hili si neno la kubuni. Desemba 1908, katika mji wa Glasgow huko Scotland, mwanamke mzee aliyepita miaka 80, jina lake Marion Gilchrist, aliuawa nyumbani mwake. Mwaka 1909 mahakama ya Edinburgh ilimhukumu kufa Oscar Slater, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani, mtu mgeni asiye na sifa njema. Kabla siku ya kunyongwa haijafika, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha pamoja na kazi ngumu. Wengi walisema, Mambo yamekwisha. Lakini mwanasheria mmoja wa Edinburgh, William Roughead, aliyeanza kuhudhuria kesi za mauaji mwaka 1889 na kuendelea karibu miaka 60, alitengeneza kitabu cha kesi ile, kikatoka 1910. Maneno ya mashahidi yakawa mbele ya macho ya kila awezaye kusoma. Mwaka 1912 mwandishi Arthur Conan Doyle alitoa kijitabu cha kumtetea yule mfungwa, na watu wengine nao wakaendelea kuuliza. Slater akafunguliwa 1927, baada ya kukaa kifungoni zaidi ya miaka 18. Na mwaka 1928 mahakama ya rufani iliibatilisha hukumu yake. Roughead alikufa 1952, na makusanyo yake yamewekwa katika maktaba ya wanasheria ya Edinburgh, iitwayo Signet Library. Kama yale yaliyosemwa mahakamani yangalipotea pamoja na sauti za waliosema, wale waliomtetea mfungwa yule wangalishika nini mkononi?

Amri ya tano yatukataza kuua, na Luther katika Katekisimo Ndogo atufundisha ya kuwa haitoshi kutomdhuru jirani. Yatupasa kumsaidia katika kila taabu ya mwili wake. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Basi anayetunza ushahidi wa kweli kwa ajili ya mtu aliyeonewa yuazitumikia amri hizo mbili.

Hata hivyo, katika sanduku la namna hii imo hatari, nayo ni kubwa.

Turudi Efeso. Miaka mingi kabla ya Paulo kuhubiri huko, mwaka 356 kabla ya kuzaliwa Kristo, mtu mmoja aliliteketeza hekalu la Artemi lililosifiwa na mataifa. Inasimuliwa ya kuwa alipoulizwa sababu, alikiri ya kuwa alitaka jina lake likumbukwe. Wenye mji wakapiga marufuku jina hilo lisitajwe tena. Lakini mwandishi wa historia Theopompus aliliandika, na hata leo wasomi wamjua Herostratos. Albert Borowitz, yule wakili wa Cleveland, alitoa kitabu mwaka 2005 juu ya watu wa namna hii, wanaotenda maovu makubwa ili wapate kutukuzwa. Ndiyo hatari yenyewe: mkusanyaji asipoangalia, atakuwa mtumishi wa fahari ya mwovu, akimjengea kaburi la heshima kwa karatasi, huku aliyeuawa hana hata ukurasa mmoja.

Katika mwaka 1888, upande wa mashariki wa London, wanawake maskini waliuawa vibaya mno. Aliyewaua hajulikani hata leo, walakini amepewa jina la kutisha, na juu yake vimeandikwa vitabu visivyohesabika upesi. Mmoja wa wale wanawake, aliyeuawa tarehe 30 Septemba, ni Elizabeth Stride. Wengi wajua jeraha lake. Ni wachache wajuao ya kuwa alikuwa binti wa mkulima wa Sweden, aliyezaliwa 1843 katika nchi ya Walutheri. Alipohamia London jina lake liliandikwa katika daftari la kanisa la Kiswidi huko, mwaka 1866. Alianguka katika umaskini na ulevi, na kanisa lile lilimpa sadaka katika shida yake. Alipokufa, karani wa kanisa alikuja mbele ya wachunguzi, akasema yeye ni nani na alizaliwa lini, maana jina lake lilikuwamo kitabuni.

Tazameni, ndugu, vitabu viwili! Kimoja chasema jinsi alivyokufa. Cha pili, kitabu cha usharika, chasema ya kuwa alikuwa mtu mwenye jina, mwenye kwao. Kitabu cha kwanza watu hukigombania kwa fedha nyingi. Cha pili kiliandikwa na karani asiyetazamia sifa yo yote. Je, mbele za Mungu kipi ni karibu zaidi na ukweli?

Na Mungu mwenyewe alitufundisha neno hili katika kesi ya kwanza ya mauaji. Kaini alipomwua nduguye, Bwana alimwuliza Habili yuko wapi. Aliyeulizwa habari zake kwanza ni aliyeuawa. Kisha Bwana akamwambia Kaini ya kuwa damu ya nduguye imepaza sauti toka ardhini ilikomwagika. Kumbe hakuna damu iliyomwagika ambayo Mungu hana habari yake, hata kama karatasi zote zimeungua.

Basi mkristo mwenye kuachana na sanduku la habari za damu afanyeje? Twamshauri maneno matatu.

Kwanza, apambanue. Achukue karatasi moja moja, aulize: Hii yashuhudia kweli, au yashibisha macho tu? Picha ya maiti iliyonunuliwa kwa ajili ya msisimko haina faida kwa mtu, wala haimheshimu marehemu. Hiyo na aiweke motoni kama watu wa Efeso, asiiuze. Barua ya mama aliyefiwa, kama wenyewe wangalipo, na iwarudie wenyewe.

Pili, vile vyenye ushahidi avitoe mahali vitakapotunzwa na kusomwa kwa haki: maktaba, chuo, au nyumba ya hati za serikali. Pamoja navyo aandike karatasi ya kueleza kila kitu kimetoka wapi, maana hati isiyojulikana ilikotoka ni kama shahidi asiyeapa. Na katika orodha hiyo majina ya waliouawa ayatangulize mbele ya majina ya wauaji.

Tatu, aachilie na moyo. Wako watoao sanduku wakabaki na yaliyomo, wakirudia usiku na mchana habari za ukatili, hata wakamwona kila jirani kuwa mwuaji. Na aombe kila jioni apewe macho ya kuona pia mema yatendwayo kwa siri, ambayo hayaandikwi gazetini.

Nanyi, walimu na wazee wa sharika, neno hili lawaangukia kwa njia nyingine. Mikononi mwenu hupita mashauri ya watu: magomvi ya ndoa, wizi, ulevi, matukano. Yale yaliyoandikwa katika kitabu cha baraza la wazee ni mali ya usharika. Mwalimu ahamapo au azeekapo, amkabidhi mwenzake kitabu hicho mbele ya mashahidi, wala asikichukue nyumbani kwake. Lakini kama uko na daftari lako la siri, ulilojiandikia makosa ya fulani na fulani ili siku moja uwaaibishe, hilo si ushahidi. Hilo ni chombo cha uganga wako. Lipeleke motoni leo, kabla jua halijachwa.

Maana, ndugu zangu, yuko Mmoja aliyekuwa na makusanyo yaliyotimia. Mungu aliyajua makosa yetu yote, na siku zake, na mashahidi wake. Hakuna karatasi iliyopungua. Hati hiyo ilisimama juu yetu, nayo ilikuwa ya haki. Mtume awaeleza Wakolosai ya kuwa Mungu aliifuta, akaiondoa, akaipigilia msalabani pamoja na Mwanawe. Aliachana nayo kwa bei ya damu. Na damu hiyo hainyamazishi sauti ya Habili, ila yanena mema kuliko yake: yamtetea aliyeonewa, na kumwita mwonevu atubu apate kuishi.

Basi, mzee, ukikaa mbele ya sanduku lako na ufunguo mkononi, usiogope. Aliyeuawa hatasahauliwa kwa kuwa wewe umechoka kumwandika. Mungu yuamjua kwa jina lake. Toa kilicho kweli, choma kilicho aibu, ufunge mlango wa chumba kwa amani, ukaketi pamoja na wajukuu wako.

Bwana atupe sote kuitunza kweli bila kuupenda uovu. Amina.